Kitabu Changu au Kitabu Yangu? Habari za Majina na Ngeli Zake



Mwanzoni mwa muhula huu nilipewa kazi ya kutunza maktaba ndogo ya wanafunzi. Siku ya kwanza tu nikabandika tangazo mlangoni, kwa herufi kubwa, maneno haya: "Vitabu zote za maktaba zirudishwe kabla ya Jumamosi." Nikarudi nyuma hatua mbili kulitazama, nikaona ni zuri.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alipita akalisoma, asiseme neno. Kipindi chake kilipofika aliniita mbele ya darasa, akaniambia, "Hebu lifasiri tangazo lako kwa Kiganda, pamoja na kosa lake." Nikamjibu, "Mwalimu, kosa silioni." Akasema, "Basi nitakusaidia. Sema: ebitabo zonna." Mimi ni Mganda. Nilipoyatamka maneno yale darasa zima liliangua kicheko, hata na mimi nikacheka, maana hakuna mtoto wa miaka minne katika Buganda asemaye hivyo. Husema "ebitabo byonna". Mwalimu akangoja kicheko kiishe, kisha akasema, "Ndivyo unavyosikika masikioni mwa mtu wa Unguja. Kaa chini."

Nilikaa chini, lakini jambo lile halikunitoka. Kwa nini sheria ninayoishika nyumbani bila kufundishwa naiacha mara nifunguapo kinywa kusema Kiswahili? Nimetafuta jibu muhula mzima, na haya ndiyo niliyoyapata.

Yafaa tuanze na neno lenyewe, "jina". Katika masomo ya Kiingereza tumefundishwa kuyagawa majina kwa maana zake. Kuna majina ya pekee, kama Kampala na Nile. Kuna majina ya kawaida, kama mto na mji. Kuna majina ya makundi, kama jeshi na bunge. Kuna majina ya vitu visivyohesabika, kama maji na chumvi, na majina ya mambo yasiyoshikika kwa mkono, kama upendo na uvivu. Mgawanyo huu ni wa kweli, na katika Kiswahili pia waweza kuutumia. Lakini hautoshi, kwa sababu haukuambii maneno yatakayofuata yaweje. Kiti ni jina la kawaida, na meza ni jina la kawaida vilevile, lakini twasema "kiti changu kimevunjika" na "meza yangu imevunjika".

Kwa hiyo lugha zetu zina mgawanyo mwingine, nao ndio utawalao sentensi. Majina yamepangwa katika jamaa zake, na kila jamaa ina alama yake. Jamaa hizo ndizo ziitwazo ngeli. Jina hutembea na wafuasi wake, yaani sifa, namba, "-angu" na "-ako", "-le" na "-ote", na kitenzi, na wafuasi hao sharti wavae alama ya bwana wao. Tazama:

Kitabu changu kile kizuri kimepotea.
Vitabu vyangu vile vizuri vimepotea.

Mganda naye husema "ekitabo kyange ekirungi kibuze". Sikiliza ki, ky, ki, ki. Ni mlio uleule. Wenzetu wasemao Kinyankole, Kitoro au Kisoga wana sheria hiyohiyo katika lugha zao.

Wataalamu waliliona jambo hili zamani. Mjerumani Wilhelm Bleek, katika kitabu chake cha mwaka 1862 cha kulinganisha lugha za Afrika ya Kusini, aliyapanga majina katika makundi yenye namba, naye ndiye aliyeziita lugha za jamii hii Bantu, neno ambalo kwetu ni "abantu" na kwa Kiswahili ni "watu". Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Unguja aliyepata kuwa askofu baadaye, alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili. Na kuna jambo moja lililonifurahisha sana: Bibi Ashton, aliyeandika sarufi ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1944, alishirikiana na wenzake watatu, Mulira, Ndawula na Tucker, kuandika sarufi ya Kiganda iliyotoka mwaka 1954. Aliyefumbua lugha moja aliweza kusaidia kufumbua ya pili, kwa kuwa ni nyumba mbili zilizojengwa kwa ramani moja.

Sasa twende ngeli kwa ngeli, tukitumia maneno ya kila siku.

Ngeli ya M-WA ni ya watu: mtu, watu, mtoto, watoto, mpishi, wapishi. Kwetu ni omuntu, abantu. Kitenzi chake huanza kwa a katika umoja na wa katika wingi: mpishi amekuja, wapishi wamekuja. Lakini hapa Kiswahili kina sheria moja kubwa ambayo Kiganda hakina. Katika Kiswahili kila kilicho hai, mtu au mnyama, hufuata mapatano ya M-WA, hata kama umbo la jina lake ni la ngeli nyingine. Kijana ana sura ya KI-VI, lakini twasema "kijana amefika, vijana wamefika". Kifaru, kiongozi na kipofu ni vivyo hivyo. Mtume wingi wake ni mitume, lakini "mitume walihubiri". Waziri huanza kwa wa, hata hivyo si wingi: waziri mmoja amesema, mawaziri wawili wamesema. Sisi Waganda husema "embwa yange", tukimfuatisha mbwa na nyumba, na ndiyo sababu wengi wetu hukosea tukisema "mbwa yangu". Kiswahili husema "mbwa wangu amelala". Kumbuka tu kwamba majina ya ndugu na marafiki yana desturi yake katika "-angu": baba yangu, dada zangu, rafiki yangu. Lakini kitenzi hakibadiliki: rafiki yangu amefika.

Ngeli ya M-MI ina miti na vitu vingi visivyo na uhai: mti, miti, mkono, mikono, mlango, milango, mwezi, miezi. Kwetu ni omuti, emiti, omukono, emikono. Mlango umefungwa, milango imefungwa. Humu wameingia wageni kutoka Uarabuni. Msumari ulikuja kutoka Kiarabu ukiwa na m yake, na Waswahili wakaisikia m ile kama m ya mti, wakasema misumari. Waganda walifanya vivyo hivyo: omusumaali, emisumaali. Hakuna aliyekaa kitako akaamua hivyo. Masikio ya watu ndiyo yaliyoamua.

Ngeli ya KI-VI ni ya vitu, hasa vyombo, na ya lugha na desturi za watu: kiti, viti, kisu, visu, kitanda, vitanda, Kiganda, Kifaransa. Kwetu ni ekitanda, ebitanda. Mbele ya irabu, ki mara nyingi hugeuka ch, na vi hugeuka vy: chumba, vyumba, cheti, vyeti, chuma, vyuma. Mganda hapaswi kushangaa, maana yeye husema ekyuma, ebyuma. Neno kitabu lenyewe lilitoka Kiarabu, na ki yake ya asili si alama ya ngeli hata kidogo. Ni sehemu ya mzizi wa neno. Lakini lilipofika pwani watu walisikia ki, wakalipa wingi wa vitabu. Kule barabarani Waingereza waliweka kibao chenye maneno mawili ya kuwaambia madereva washike kushoto. Waswahili wakayaunganisha maneno yale yakawa kiplefti, na njia panda za mviringo zikiwa mbili huitwa viplefti. Jihadhari hata hivyo, si kila neno lianzalo kwa ch ni la ngeli hii. Chai, chumvi na chupa si za humu: twasema chai yangu, chumvi nyingi, chupa zimevunjika.

Ngeli ya KI-VI hutumika pia kwa kupunguza ukubwa. Kitabu kidogo ni kijitabu. Kiganda kina njia yake ya pekee: akatabo, na kwa wingi obutabo. Kiswahili sanifu hakina ngeli hiyo ya ka, kwa hiyo usiitafute. Kazi yake hufanywa na ki.

Ngeli ya JI-MA ina viungo vya mwili vilivyo viwiliviwili au vingi, matunda, na vitu vingi vya kigeni: jicho, macho, jino, meno, embe, maembe, gari, magari, dawati, madawati. Kwetu ni eriiso, amaaso. Jicho langu linauma, macho yangu yanauma. Humu pia mna vitu vya majimaji visivyo na umoja: maji, maziwa, mafuta. Nimewasikia wenzangu bwaloni wakisema "maziwa imemwagika". Kwa Kiganda husema "amazzi gange", si "amazzi yange". Basi kwa Kiswahili nako sharti tuseme maji yangu, na maziwa yamemwagika.

Ngeli ya N ndiyo ngumu, na nawaomba msome hapa polepole, kwa maana ndipo nilipopata jibu la swali langu. Majina yake hayabadiliki katika wingi: nyumba moja, nyumba mbili, meza moja, meza mbili. Wafuasi tu ndio waonyeshao idadi: nyumba yangu imejengwa, nyumba zangu zimejengwa. Kwetu ni ennyumba yange, ennyumba zange. Ngeli hii ni kama ghala kubwa lenye mlango wazi. Maneno mengi ya kigeni yasiyo na alama inayofahamika hutupwa humo: kalamu, barua, sabuni, shule, redio, simu, kompyuta. Kila siku twasema simu yangu, barua zangu, shule yetu. Kwa kuwa maneno ya ngeli hii ni mengi sana vinywani mwetu, ulimi huzoea "yangu" na "zangu", kisha huzibandika kila mahali: kitabu yangu, vitu zangu, maji yangu imekwisha. Ndiyo asili ya tangazo langu. Sikukosa sheria, nilichukua sheria ya ngeli moja nikaivisha ngeli zote, kama mama aliyeshona shati moja akawavika watoto saba.

Ngeli ya U ina mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la vitu, na wingi wake hufuata ngeli ya N: ukuta, kuta; ufunguo, funguo; ulimi, ndimi; wimbo, nyimbo. Kwetu ni olulimi, ennimi. Hata wakati, neno la Kiarabu, limeingia humu: wakati umefika, nyakati zimebadilika. Na waya wa umeme nao ukiwa mwingi ni nyaya. Fungu la pili ni la mambo yasiyoshikika kwa mkono, nayo hayana wingi: utu, umoja, uvivu. Kwetu ni obuntu, obumu.

Hapa tusimame kidogo tulitazame jina la nchi yetu. Kwa Kiganda, mtu mmoja ni Omuganda, wengi ni Abaganda, lugha yao ni Oluganda, na nchi yao ni Buganda. Mzizi ni mmoja, "ganda". Ngeli tu ndizo zibadilikazo. Waswahili wa pwani walipokuja na misafara ya biashara waliuchukua mzizi uleule, wakauvika nguo za kwao: Mganda, Waganda, Kiganda, Uganda. Waingereza wakalipokea jina hilo kutoka vinywani mwa Waswahili, na walipoweka himaya yao mwaka 1894 waliita Uganda, kisha jina likaenea kwa nchi yote mpaka leo. Basi kila asemaye kwamba Kiswahili ni lugha ya watu wengine tu, na akumbuke kwamba herufi ya kwanza ya jina la nchi yake ni alama ya ngeli ya Kiswahili.

Zimebaki ngeli mbili. Ngeli ya KU ni ya vitenzi vilivyogeuzwa kuwa majina: kusoma kwako kumetufurahisha, kuimba kwao kulipendeza. Kwetu ni okusoma. Ngeli ya mwisho ni ya mahali, yenye pa, ku na mu. Pa ni mahali palipo wazi na dhahiri: mezani pana kitabu. Ku ni upande au eneo: nyumbani kuna wageni. Mu ni ndani: chumbani mna panya.

Ili mambo haya yasibaki kitabuni, tazama asubuhi moja ya shule yetu. Kengele imelia. Wanafunzi wameamka. Vitanda vimetandikwa, mablanketi yamekunjwa. Mlango umefunguliwa. Maji yamechotwa. Ufagio mmoja umepotea, na kiongozi wa bweni amekasirika. Uji umeiva. Bwaloni mna kelele nyingi. Kisha kusoma kumeanza. Katika mambo hayo machache umekwisha zipita ngeli zote nilizozitaja. Mtu akiyasema kila asubuhi kwa muda wa juma moja, ulimi wake utazoea bila kukariri orodha.

Ukipata neno usilolijua, jiulize maswali matatu. La kwanza, je, kina uhai? Kama kinao, tumia a na wa, usisumbukie sura ya jina. La pili, wingi wake ni nini? Wingi hufichua mengi: kiti na viti, embe na maembe, ukuta na kuta. La tatu, Mswahili aliyezaliwa na lugha hii huweka "-angu" gani mbele yake? Ukimsikia akisema chakula changu na chai yangu, basi amekwisha kukufundisha ngeli mbili kwa pumzi moja.

Pengine wako wasemao, "Yote haya ya nini? Nikisema kitabu yangu si ninafahamika?" Ni kweli, utafahamika. Lakini fikirini historia ya lugha hii kwetu. Wazee wetu wengi waliisikia kwanza kwa askari, na hata mwaka 1973 ilipotangazwa kuwa lugha ya taifa ilitangazwa kwa amri ya serikali ya kijeshi. Wakaiona kuwa ni lugha ya kufokeana, isiyo na adabu wala sheria. Kila tunaposema ovyo twawapa ushahidi kwamba walisema kweli. Na si kwamba nchi yetu ilikuwa mgeni katika kazi ya kuitengeneza: mwaka 1930, Kamati ya Lugha ilipoanzishwa ili kusanifu Kiswahili, Uganda ilikuwa mojawapo ya nchi nne zilizoshiriki, pamoja na Kenya, Tanganyika na Unguja. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likakubali Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Wadogo zetu watakisoma wapende wasipende. Je, watakisikia wapi kikisemwa vema, kama si kwetu tuliotangulia?

Sijawasahau wenzetu wa Kaskazini. Lugha kama Kiacholi na Kilango hazina ngeli za namna hii, kwa hiyo wao huanza bila msaada wa nyumbani. Hata hivyo anayetushinda sote darasani katika somo hili ni kijana wa Gulu. Nilipomwuliza siri yake alinijibu, "Ninyi mnadhani mmekwisha kijua. Mimi najua sikijui, ndiyo maana najifunza." Jibu lile liliniuma, lakini ni la haki.

Ninyi kaka zetu mlioko Nairobi, Mombasa, Juba na kwingineko, ambao hukitumia Kiswahili sokoni na maofisini kila siku, tuandikieni mnayoyasikia huko. Na sisi tulio hapa tusahihishane, lakini kwa upole, kwa maana mtu akichekwa mara mbili hunyamaza, na mwenye kunyamaza hajifunzi lugha.

Tangazo la zamani nimelibandua. Jipya lasema: "Vitabu vyote vya maktaba virudishwe kabla ya Jumamosi." Vimerudi vyote isipokuwa vitatu. Aliye navyo anajijua. Avilete, nami sitamwuliza ngeli yake.

Mimi mwenzenu,
Mtunza Maktaba, Kidato cha Sita.